Nyumba ya wazee Njombe: joto lianzie kwenye msingi

Swali: Mhandisi, shikamoo. Ninawajengea wazazi wangu nyumba ya vyumba vitatu Njombe mjini, mimi mwenyewe nafanya kazi Dar es Salaam. Msingi umeshachimbwa, zege bado. Baba ana miaka 74 na kifua chake hakipatani na baridi. Mwaka jana mwezi wa saba alilala kitandani wiki mbili. Binamu yangu aliyeko Canada ananishauri niweke mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu kama kwao. Fundi anasema sehemu ya kuotea moto sebuleni inatosha. Mke wangu anasema ninunue hita za umeme, basi. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na mpe mzee pole. Umeuliza wakati zege bado halijamwagwa, na kwa hilo nakushukuru, maana wengi hunipigia simu mwezi wa sita nyumba ikiwa imeshapakwa rangi, wazee wamejifunika mablanketi sebuleni, na kilichobaki ni kununua hita na kulipa LUKU. Wewe bado una nafasi ya kufanya mambo ambayo baada ya wiki mbili hayatafanyika tena bila kuvunja.

Nianze na ramani yenyewe. Nyumba nyingi zinazojengwa Njombe zimechorwa kwa akili ya Dar es Salaam. Dar nyumba inatakiwa itoe joto nje: matundu ya hewa juu ya kila dirisha, vioo vya luva, dari nyepesi, bati juu. Ukiihamisha ramani hiyohiyo hadi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, itaendelea kufanya kazi iliyochorewa. Itatoa joto nje. Tofauti ni kwamba huku joto hilo umelinunua. Kwa hiyo kabla ya kujadili hita gani, tujue joto linapotelea wapi.

Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, kimo chake mita 2.8, kuta mbili zinaangalia nje, madirisha yote jumla mita 4 za mraba. Usiku wa Julai nje tuseme ni nyuzijoto 8, na ndani unataka 18. Sijaiokota hiyo 18 hewani: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, linaitaja kuwa kiwango cha chini chenye usalama wakati wa baridi, na linasema wazee wanaweza kuhitaji zaidi. Kuta za tofali za kuchoma zilizopigwa plasta zitapoteza kama wati 440. Vioo, wati 230. Hewa inayopenya kwenye nyufa, kama 280. Jumla inakaribia wati 950. Sasa tazama juu. Sebule isiyo na dari, bati tupu, inapoteza wati 1,400 kupitia paa peke yake. Ukipiga jipsamu bodi tupu, zinashuka hadi kama 600. Ukilaza juu ya hiyo jipsamu pamba ya fibaglasi au sufi ya mawe yenye unene wa sentimita 10, zinabaki kama 80.

Yaani chumba kilekile kinahitaji wati 2,350, au 1,550, au 1,030, na hapo hatujagusa hita yoyote. Kwa umeme wa takribani shilingi 356 kwa uniti, ukiwasha kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, ni shilingi 4,200 kwa usiku mmoja bila dari, 2,750 kwa jipsamu tupu, na 1,830 kwa dari yenye pamba. Ongeza kidogo kwa saa ya kwanza, kwa sababu kuta nazo lazima zipate moto kwanza. Pamba ya dari hununuliwa mara moja. LUKU utaijaza kila baridi ikirudi. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu katika barua hii yote, nunua pamba ya dari.

Mwaka fulani nilipanda darini saa 1 asubuhi, Julai, katika nyumba moja kule kwetu ambayo mwenyewe alilalamika kwamba paa linavuja wakati hakuna mvua. Nilimulika tochi chini ya bati: matone yamejipanga kwenye kila mgongo wa bati kama shanga, yanateleza hadi kwenye papi, zile mbao zinazoshika bati, kisha yanadondokea jipsamu. Paa lilikuwa zima kabisa. Ilikuwa pumzi ya watu waliolala na mvuke wa jikoni, umepanda kupitia tundu za taa, ukakutana na bati la baridi. Kwa hiyo mwambie fundi mambo mawili pamoja: pamba ilale kwenye dari, tena ifike hadi pembeni bila kuacha mianya, na nafasi kati ya pamba na bati ipitishe hewa kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine, kwa matundu yenye wavu wa kuzuia panya na popo. Joto lizuiwe kwenye dari, unyevu utolewe juu yake. Ukiziba vyote viwili, pamba italowa na itakuwa haina faida.

Najua utaulizwa kuhusu unga wa mbao, kwa sababu Njombe upo bure kwenye kila mashine ya mbao. Unazuia joto kweli, sentimita 15 zinakaribia kazi ya pamba. Lakini unashika moto, unavuta unyevu, na panya wanaupenda. Katika nyumba yenye dohani, yaani njia ya moshi, inayopita darini mimi siuruhusu.

Jua nalo ni hita, na la kwako halina bili. Njombe iko takribani digrii 9 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwa kali, jua la mchana liko upande wa kaskazini, linasimama kama digrii 57 juu ya upeo, na linaingia vizuri kwenye dirisha linaloangalia kaskazini. Desemba jua limehamia kusini, na dirisha hilohilo la kaskazini halipigwi kabisa na jua la mchana. Ni mpangilio ambao ungeulipia mbunifu fedha nyingi, na ardhi yako inakupa bila malipo: dirisha linaloota jua msimu wa baridi na kukaa kivulini msimu wa joto. Sebule na chumba cha wazazi viwekwe kaskazini, au kaskazini magharibi ili jua la saa 9 na saa 10 alasiri liwaachie kuta zenye moto kabla ya giza. Stoo, choo cha wageni na ngazi za nyuma viwe kusini mashariki, kwa sababu upepo wa kusi, ambao watu wa pwani wanaujua kwa majahazi, huku juu unatuletea ukungu na ubaridi kutoka upande huohuo. Mlango wa mbele usiutazame uso kwa uso. Kama hauna budi, jenga kibaraza kilichofungwa chenye mlango wa pili.

Sasa moto. Fundi wako hajakosea kutaka kuni. Njombe ni nchi ya miti, na muwati uliokauka ni kuni safi kuliko nyingi ninazozijua. Kasoro ni hilo tundu la wazi ukutani. Sehemu ya kuotea moto iliyo wazi inapendeza macho, lakini joto lake kubwa linapanda na moshi, na moto unavuta hewa ya chumbani kwa nguvu, hewa ambayo nafasi yake inajazwa na baridi kutoka chini ya milango. Katika joto la kuni, unabaki na moja ya sita au moja ya saba hivi. Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango wa kioo na vidhibiti vya hewa, linakubakizia zaidi ya nusu, likitengenezwa vizuri hata theluthi mbili. Kwa ile sebule yetu yenye dari ya pamba, jioni nzima ni kilo 2 hadi 3 za kuni kavu. Kwenye tundu la wazi ni kilo 8 au zaidi, na moshi kidogo hurudi ndani kila upepo unapogeuka. Kwa kifua cha mzee wako, hilo la moshi peke yake linatosha kumaliza mjadala.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo sehemu ya kuotea moto ilikuwa pana kama mlango wa kabati, na dohani yake ni bomba la inchi 4. Moshi ulikosa njia. Bibi mwenye nyumba alikuwa akiwasha moto, kisha anafungua mlango wa mbele ili apumue, na kukaa na mtandio puani. Nilipima chumba chake: kilikuwa na baridi zaidi moto ukiwaka kuliko ulipozimwa. Kipimo cha kawaida kwa moto wa wazi ni kwamba eneo la ndani la dohani liwe kama sehemu ya kumi ya eneo la mdomo wa meko; mdomo wa sentimita 75 kwa 60 unataka dohani ya sentimita 21 kwa 21 au zaidi. Kwa jiko la chuma lililofungwa, bomba la kipenyo cha sentimita 15 hutosha.

Na hapa ndipo msingi wako unapohusika. Jenga dohani ya tofali ndani ya nyumba, kwenye ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha wazazi. Usiiweke kwenye ukuta wa nje. Dohani ya nje inapasha bustani. Ya ndani inakaa na joto lake saa nyingi baada ya moto kuzimika, na mgongo wake utakuwa ukuta wa uvuguvugu upande wa kitanda cha mzee. Upande huo wa chumbani usiwe na tundu lolote, si la kusafishia wala la kutazamia, na upigwe plasta nene bila ufa. Dohani ya namna hii, yenye urefu wa mita 6, inaweza kufika tani 3. Ukiisimamisha juu ya jamvi la kawaida, yaani zege la sakafu, itazama, itapasuka, na ufa wa dohani ni njia ya sumu kuingia chumbani. Kwa hiyo ichimbiwe msingi wake leo, mraba wa kama sentimita 90, wenye nondo, umwagwe pamoja na mwingine. Ndani ya dohani upite mrija wa udongo wa kuchoma au wa chuma kisichoshika kutu. Mbao za kenchi na papi zikae mbali na tofali zake angalau sentimita 5, na pamba ya sufi ya mawe ndiyo izungushwe hapo inapopita darini. Juu itokeze angalau sentimita 60 kupita kilele cha paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi chini.

Jambo la pili la msingi ni dogo na halina gharama. Kabla ya zege la sakafu, laza bomba la inchi 4 kutoka ukuta wa nje hadi pale jiko litakapokaa, mdomo wa nje uwe na wavu, na kipande cha mwisho karibu na jiko kiwe cha chuma. Jiko litavuta hewa yake kutoka nje, wala halitapigania hewa na watu waliomo. Ukishalifanya hilo unaweza kuziba kwa moyo mkunjufu yale matundu ya juu ya madirisha ya sebule, ukabakiza dirisha moja la kufunguka vizuri. Jiko lenyewe wachomeleaji wa Njombe na Makambako wanaweza kulitengeneza, ilimradi uwape vipimo: bati nene la milimita 5 au 6 na si la debe, tofali za kuhimili moto ndani, kamba ya kuhimili joto kwenye mlango. Bomba tupu la chuma kabla halijaingia kwenye dohani likae sentimita 45 mbali na chochote cha mbao.

Kuni ziwe kavu kweli. Mbichi nusu yake ni maji, na moto unatumia nguvu zake kuyachemsha. Moshi wake mzito unaganda ndani ya dohani kama lami, na siku moja lami hiyo inashika moto. Pasua kuni mwezi wa sita, zipange chini ya bati pasipo na kuta, zikauke hadi mvua za Novemba, uzichome mwaka unaofuata. Gonga mbili pamoja: kavu zinalia kwa mlio mkali, mbichi zinatoa kishindo kizito. Dohani isafishwe kila mwezi wa tano.

Sasa naomba unisikilize vizuri kuhusu mkaa, kwa sababu wazee wetu wanauzoea na hutakuwepo kuwazuia. Jiko la mkaa halilali chumbani. Halilali hata dakika kumi wakati wa kupasha chumba kabla ya kulala. Mkaa ukiacha kutoa moshi ndipo watu wanadhani umekuwa salama, kumbe ndipo kaboni monoksidi inatoka bila harufu wala rangi. Inajishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu, analala, haamki. Kila msimu wa baridi, nyanda za juu zetu na za majirani zetu zinazika familia kwa sababu hii, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mzembe. Walikuwa wanaona baridi. Nunua kifaa cha kengele ya kaboni monoksidi, viwili kama unaweza: kimoja sebuleni, kimoja chumba cha wazazi karibu na kimo cha kichwa cha mtu aliyelala. Mfundishe mama mlio wake kwa kubonyeza kitufe cha majaribio mbele yake.

Mke wako naye ana hoja. Umeme hauna moshi, na chumbani ndipo mahali pake. Kwa chumba cha wazazi weka hita ya mafuta ya kilowati 1, ile yenye mbavu kama akordioni, iwashwe saa moja kabla ya kulala na izimwe wakiingia kitandani. Lakini mwambie fundi umeme sasa: kila soketi ya hita iwe na waya wake wa milimita 2.5 kutoka kwenye boksi, isichangie na jokofu, wala isitumike kupitia waya wa kuongezea. Kama bajeti inaruhusu, kuna kitu bora kuliko hita: kiyoyozi kinachopasha. Hakizalishi joto, kinalihamisha kutoka nje, hivyo uniti moja ya umeme inaweza kukupa uniti tatu za joto. Angalia rimoti kabla ya kulipa. Vingi vinavyouzwa Dar vinapoza tu. Unachokitaka kina alama ya jua pamoja na ile ya kipande cha barafu. Usiku wa ukungu mashine ya nje itaganda barafu na kusimama dakika chache ijiyeyushe, si ubovu.

Hita za gesi zisizo na bomba la kutoa hewa nje siziweki kwa wazee. Zinamwaga mvuke mwingi chumbani, kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na zikikosa hewa zinatoa sumu ileile ya mkaa.

Kuhusu mabomba ya chini ya sakafu, binamu yako anasema kweli kwa Canada. Kule baridi inakaa miezi sita mchana na usiku, na sakafu inawashwa mwezi wa kumi haizimwi. Zege la namna hiyo huchukua saa nyingi kupata moto na saa nyingi kupoa. Njombe mchana jua linawaka na jioni baridi inashuka ghafla, kwa hiyo sakafu ingekuwa inapata moto wazee wanapokwenda kulala. Juu ya hapo kuna boila, pampu isiyofanya kazi umeme ukikatika, na fundi wa kuitengeneza utakayemtafuta mbali. Achana nayo. Badala yake, nailoni ya msingi iwekwe bila kutobolewa ili unyevu usipande, na vyumba vya kulala viwe na sakafu ya mbao. Marumaru ziwe jikoni na bafuni tu.

Bafuni ndiko kuna bili ambayo hukuniuliza. Lita 100 za maji kwa siku, kutoka nyuzijoto 15 hadi 45, zinakula uniti 3.5, yaani kama shilingi 1,250, na watu wanaoga mwaka mzima. Kwa mwaka inapita shilingi 450,000, wakati kuipasha sebule kwa umeme usiku 90 ni kama 165,000. Kwa hiyo fedha ya mtambo wa jua itumike kwenye maji. Chukua tangi la lita 150, lielekezwe kaskazini kwa mwinamo wa digrii 20 hivi, liwe na koili ya umeme ya akiba kwa siku za ukungu. Kwa kuwa sakitu, yaani umande ulioganda, inaanguka huko, chagua la mirija ya vioo, au lile ambalo maji yanayopita kwenye paneli yamechanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Kenchi ya hapo iimarishwe, maana tangi likijaa ni zaidi ya kilo 150, na mabomba ya moto yavishwe sponji kabla ya kufukiwa ukutani.

Kitu kimoja hukunieleza: mlango wa mbele unaangalia wapi. Mtume kijana akasimame katikati ya mtaro wa sebule saa 6 mchana, akupigie picha ya kivuli chake na ya mitaro yote, huku dira ya simu ikionyesha kaskazini. Kama sebule imeangukia kusini na stoo iko kaskazini, vibadilishwe sasa kwa chokaa na kamba. Ni kazi ya asubuhi moja. Nitumie picha hizo kabla fundi hajaleta kokoto.